India, sentimita 550 na kuku wa mayai

Sheria ya India ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama ni ya mwaka 1960. Kifungu chake cha 11(1)(e) kinasema ni kosa kumfungia mnyama yeyote ndani ya kizimba ambacho kimo, urefu na upana wake havimpi nafasi ya kutosha ya kujongea. Hakibagui mnyama, kuku naye yumo. Ukikisoma kifungu hicho kisha ukaingia kwenye banda la kuku wa mayai kule Namakkal, jimbo la Tamil Nadu, utajiuliza kwa nini banda hilo halijafungwa siku nyingi. Utaona safu juu ya safu za keji za waya, kuku kadhaa kwenye kila keji, kila mmoja na eneo dogo kuliko karatasi ya A4. Humo ndimo wanamoishi kipindi chote cha kutaga, hadi siku wanapouzwa kwa ajili ya nyama.

Kwa zaidi ya miaka kumi wanaharakati walikibeba kifungu hicho wakabisha kila mlango: bodi ya wanyama, mahakama, tume ya sheria, wizara. Karibu kila mlango waliobisha walifunguliwa. Kisha mwaka 2023 serikali kuu ikatoa kanuni, na kanuni hizo zikazipa keji uhalali kwa kuzipangia ukubwa.

Nimekifuata kisa hiki kwa sababu huku kwetu Afrika Mashariki keji ndio kwanza zinaingia kwa kasi. Ninavyokiona, kampeni ya India ilikuwa na kesi nzuri, ila haikuwa na wafugaji wala wanunuzi wa kusimama nayo. Kanuni zilipofika hatua ya kuandikwa, waliokuwa na uzito mezani ni wale wale wenye keji.

Keji ziliingiaje

Zamani kuku wengi wa mayai wa India walifugwa sakafuni juu ya matandazo, kama wanavyofugwa mpaka leo kwenye mabanda mengi ya Kibaha au Kiambu. Mwaka 1971 B.V. Rao alianzisha kampuni ya Venkateshwara Hatcheries, na katika miongo iliyofuata vifaranga wa kisasa, chanjo, vyakula vya kiwandani na keji vikasambaa kwa pamoja. Mwaka 1982 huyo huyo Rao akawakusanya wafugaji waliokuwa wamechoka kupangiwa bei na madalali, wakaunda kamati ya kitaifa ya kuratibu mayai, maarufu kwa kifupi cha NECC. Kamati hiyo ndiyo inayotangaza bei elekezi za mayai, na ndiyo iliyowaimbia Wahindi kwenye televisheni kwamba iwe Jumapili au Jumatatu, yai liliwe kila siku.

Jambo hili lina uzito kuliko wanaharakati wengi walivyolipa. Mwaka 1950/51 India ilizalisha mayai bilioni 1.8. Mwaka 2022/23 ilizalisha zaidi ya bilioni 138, takriban mayai 100 kwa kila mtu kwa mwaka, ilhali taasisi ya lishe ya nchi hiyo inapendekeza 180. Kwa mfugaji wa Namakkal, keji imesimama katikati ya historia hiyo. Ndani ya kipindi hicho hicho aliacha kunyonywa na dalali, na yai likashuka bei mpaka mwenye kibarua akaweza kulinunua. Ukimwambia kwamba keji ni ukatili, anachosikia ni kwamba miaka yote hiyo ya kazi ilikuwa dhambi.

Tena keji ina faida za kweli, na mtetezi anayezikana hupoteza mfugaji dakika ya kwanza ya mazungumzo. Kuku hutengana na kinyesi chake, kwa hiyo ugonjwa wa kuhara damu unapungua. Yai huteremka lenyewe hadi kwenye kingo likiwa safi. Mhudumu mmoja huangalia kuku wengi zaidi, banda lile lile hubeba kuku wengi zaidi kwa sababu keji hupangwa ghorofa, na kuku asiyetembea hula kidogo kwa kila yai analotaga. Kwenye biashara ambayo chakula peke yake kinaweza kufika asilimia 70 ya gharama, hilo la mwisho si dogo.

Upande wa kuku nao hauhitaji chumvi. Kuku wa mayai akikunjua mabawa hufikia sentimita 70 hivi. Kwenye keji hawezi kuyakunjua. Hana kiota, na kuku anayetaka kutaga bila kiota huhangaika kwa muda mrefu kabla ya yai kutoka. Hawezi kuparua, kuoga vumbi wala kupanda kichanja usiku. Madini yake huishia kwenye maganda ya mayai huku misuli haifanyi kazi, hivyo mifupa hudhoofika, na wengine huvunjika wakati wa kutolewa keji kwenda kuchinjwa. Yeyote aliyewahi kuchota kuku wa keji siku ya kuwauza ameisikia sauti ya mifupa hiyo.

Bodi, tume na mahakama

Sheria ya 1960 ndiyo iliyounda Bodi ya Ustawi wa Wanyama ya India. Mwenyekiti wake wa kwanza, mwaka 1962, alikuwa Rukmini Devi Arundale, mcheza ngoma mashuhuri na mbunge aliyekuwa ameupigania muswada wa wanyama bungeni. Kisheria bodi hiyo hushauri tu. Mamlaka ya kutunga kanuni, kwa kifungu cha 38, yako kwa serikali kuu. Ukilisahau hilo hutaelewa yaliyotokea baadaye.

Mwaka 2012 bodi iliziandikia serikali za majimbo kwamba keji za kuku wa mayai zinakiuka kifungu cha 11(1)(e), zisifungwe mpya, na zilizopo ziondolewe ifikapo 2017. Ulikuwa waraka wenye maneno mazito. Baadhi ya majimbo yakaupitisha kwa waraka mwingine kwenda wilayani, na ukaishia humo. Sababu moja ni ile ya mamlaka: wenye mashamba walijua ushauri si amri. Sababu ya pili inachekesha kidogo, ingawa ni sheria. Faini ya kosa la kwanza chini ya kifungu cha 11 ni rupia 10 hadi 50, kiwango kilichoachwa kwa miongo mingi. Rupia 50 leo hazinunui mayai kumi dukani.

Ndipo mashirika yakageukia mahakama. Humane Society International tawi la India, People for Animals iliyoanzishwa na Maneka Gandhi, Animal Equality na wengineo walifungua au kuunga mkono mashauri, na la Mahakama Kuu ya Delhi ndilo lililofuatiliwa zaidi. Upepo ulikuwa wao. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika shauri la bodi hiyo dhidi ya A. Nagaraja lililohusu mchezo wa kukamata mafahali wa jallikattu, ilikuwa imesema kwamba wanyama wana haki ya kuishi bila njaa, maumivu, hofu na kuzuiwa tabia zao za asili. Julai 2017 Tume ya Sheria ya India, chini ya Jaji B.S. Chauhan, ikatoa ripoti yake ya 269 kuhusu ufugaji na usafirishaji wa kuku, ikaambatanisha rasimu mbili za kanuni: moja ya kuku wa mayai, nyingine ya kuku wa nyama. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Uttarakhand ikapiga marufuku keji ndani ya jimbo lake.

Uttarakhand, hata hivyo, ni jimbo la milimani. Mayai mengi ya India yanatoka Andhra Pradesh, Tamil Nadu, Telangana na Bengal Magharibi. Marufuku iliyopatikana mahali ambako keji ni chache hujaza taarifa ya mwaka ya shirika vizuri sana, na kuku wa Namakkal hana habari nayo.

Hilo la jallikattu nalo lilikuwa na mkia. Januari 2017 maelfu kwa maelfu ya vijana wa Tamil Nadu walijaa ufukwe wa Marina mjini Chennai wakidai mchezo wao urudi. Jimbo likabadili sheria, na Mei 2023 Mahakama ya Juu ikayakubali mabadiliko hayo. Kwa hiyo hata ile hukumu iliyokuwa nguzo ya kampeni ya kuku ilikuwa imeonyesha kwamba jaji huweza kuandika haki, umati ukaifuta. Wafugaji wa kuku hawakuhitaji kujaa ufukweni. Wao walikuwa na kamati yao tangu 1982.

Kutoka kuondoa hadi kupima

Mwaka 2019, baada ya msukumo wa mahakama, serikali kuu ilichapisha rasimu ya kanuni za kuku wa mayai. Mwaka 2023 zikawa kanuni kamili. Kiini chake ni namba moja: kila kuku apewe walau sentimita za mraba 550 za sakafu ya keji. Mashamba yaliyokuwapo yamepewa hadi Januari 2030 kutimiza.

Chukua rula. Sentimita za mraba 550 ni mraba wenye upande wa sentimita 23 na nusu. A4 ina karibu 624. Baada ya miaka yote ile ya mashauri, karatasi bado ni kubwa kuliko nafasi ya kuku.

Namba hiyo ina asili yake. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1999 kuhusu kuku wa mayai liliweka sentimita za mraba 550 kuwa kima cha chini kwa keji za kawaida kuanzia 2003, na likazipiga marufuku kabisa keji hizo hizo kuanzia Januari 2012. Baada ya hapo Ulaya ilibakiza keji zenye kiota, kichanja na angalau sentimita za mraba 750 kwa kuku. India, kwa maneno mengine, itafika mwaka 2030 pale Ulaya ilipokuwa 2003, kwenye kituo ambacho Ulaya ilikiona cha kupitia tu.

Sitaki kuzidharau kanuni hizo. Zinakataza kuwanyima kuku chakula ili wapukutishe manyoya na kuanza kutaga upya, mateso yaliyokuwa yanafanywa kama jambo la kawaida. Zinakataza kuwapa kuku dawa za antibiotiki kwa ajili ya kukuza tu, na hilo linamgusa kila anayekula yai. Kuku anayepanda kutoka eneo finyu zaidi hadi 550 anapata nafuu fulani. Shida ni kwamba mfugaji anayetii leo atanunua keji mpya za kipimo hicho, na keji ya waya wa zinki hudumu miaka kumi na zaidi. Mfugaji huyo amewekeza upya kwenye keji, safari hii akiwa na sheria mfukoni. Kifungu cha 11(1)(e), kilichokuwa silaha ya upande mmoja, sasa kina tafsiri rasmi inayomlinda mwenye keji.

Waliokosekana

Nianze na jambo ambalo nje ya India halionekani haraka. Nchini humo yai ni siasa. Kuna majimbo ambayo watoto wa shule wamenyimwa mayai kwa hoja za dini na tabaka. Mwaka 2015 Waziri Mkuu wa jimbo la Madhya Pradesh, Shivraj Singh Chouhan, alikataa mayai yasiingizwe kwenye milo ya watoto wadogo. Wanaopigania yai kwenye sahani ya mtoto maskini wamezoea kupambana na watu wanaosema wanawahurumia wanyama. Sasa fikiria anayekuja kuzungumzia mateso ya kuku ni shirika ambalo viongozi wake hawali mayai kabisa na mabango yake mengine yanahimiza watu waache bidhaa za wanyama. Mfugaji haoni mtu anayetaka mayai bora. Anaona mtu asiyetaka mayai. Mpigania lishe naye humkwepa, ingawa katika kudai dawa zisitumike ovyo wangeweza kukaa benchi moja.

Mnunuzi naye alitafutwa upande mmoja tu. Kampeni iliwaendea wakubwa wa mahoteli na vyakula wa kimataifa, ambao wengi walikuwa wameahidi kuacha mayai ya keji duniani kote ifikapo 2025. Ahadi hizo zilitekelezwa Ulaya na Marekani kwa kasi kuliko Asia, na hata zingetimizwa zote, hoteli za nyota tano hazitikisi soko ambalo mayai yake mengi huuzwa moja moja dukani bila lebo yoyote. Ilhali serikali ya Tamil Nadu inawapa yai watoto wa shule za umma kila siku ya masomo, na mayai hayo kwa sehemu kubwa hutoka Namakkal kwa zabuni. Mnunuzi mmoja, mkataba mmoja, mamilioni ya mayai kila wiki. Hata sehemu ndogo ya zabuni hiyo ingetengwa kwa wafugaji wa sakafuni, kwa bei inayofidia gharama zao, jimbo lingekuwa na kundi la wafugaji wenye sababu ya mfukoni ya kutetea ufugaji bila keji. Kundi hilo halikuwapo wakati kanuni zinaandikwa. 

Jambo la tatu ni ufundi. Kuku wa sakafuni wana matatizo yao: kudonoana, mayai yanayotagwa chini, matandazo kulowa, minyoo, hewa ya amonia, na mfupa wa kidari kuvunjika kuku wanaporuka kutoka vichanjani. Mfugaji aliyezaliwa kwenye keji akihamia sakafuni bila msaada atapoteza kuku wengi, na majirani wote watamwona. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi wa takwimu za makundi 6,040 ya kuku, jumla ya kuku milioni 176 katika nchi 16. Ulionyesha kuwa vifo kwenye mabanda yasiyo na keji hupungua mwaka hadi mwaka kadiri wafugaji wanavyopata uzoefu, mpaka tofauti na keji inakwisha. Ni habari njema, lakini isome pia kwa jicho la mfugaji: ile miaka ya mwanzo, wakati uzoefu haujaja, hasara ni ya nani? Wakili hailipi. Hakimu hailipi. Ruzuku au mkopo nafuu wa kuvuka miaka hiyo haukuwa sehemu ya madai makuu ya kampeni.

Huku kwetu

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008. Kenya ina Sura ya 360 ya sheria zake kuhusu ukatili kwa wanyama. Najua wapo wanaozisoma wakitafuta kifungu kama cha India, na pengine watakipata. Mimi nisingeanzia hapo.

Nchi zetu zina kitu ambacho India ilishakipoteza kampeni ilipoanza: wafugaji wengi wa mayai bado wako sakafuni. Hawako huko kwa huruma. Wako huko kwa sababu maranda na viota vya mbao ni rahisi kuliko chuma, lakini wako. Wanajua kugeuza matandazo, wanajua kuku anayeanza kudonoa wenzake, wanajua kuokota mayai ya chini asubuhi. Wauza keji wanawatembelea na hesabu ya idadi ya kuku kwa mita ya mraba, na baadhi ya maofisa ugani huita hiyo ndiyo ufugaji wa kisasa. Akija mtetezi wa kuku na neno «ukatili», wakati muuza keji kaja na hesabu, mfugaji atamsikiliza mwenye hesabu, na mimi simlaumu. Mtetezi aje na hesabu yake: banda la sakafuni lenye vichanja na viota vya kutosha linagharimu kiasi gani kwa kuku 500, vifo vikoje, trei inauzwa wapi.

Soko nalo si geni. Dar es Salaam na Nairobi watu hulipa zaidi kwa yai la kienyeji bila kushawishiwa na shirika lolote. Wanafuata ladha na kiini cha njano. Tatizo ni kwamba hakuna anayethibitisha, na rangi ya ganda hudanganya. Kati ya yai la kienyeji na yai la kisasa pana nafasi ya daraja la tatu, la kuku wa kisasa au chotara aliyelelewa bila keji, likiwa na muhuri ambao mnunuzi anaweza kuufuatilia hadi bandani. Kazi hiyo inahitaji ushirika wa wafugaji na ofisi ya viwango zaidi ya wakili.

Na ningemkwepesha mtetezi wetu mtego ule wa India wa kuonekana hayataki mayai yenyewe. Kwenye nchi ambazo bado zina watoto wengi waliodumaa kwa lishe duni, mtu wa kuku aanze kwa kusema waziwazi kwamba anataka yai lifike shuleni. Akishalisema hilo na kulimaanisha, ataketi na mama lishe, mwalimu mkuu na afisa lishe wa wilaya, watu ambao kampeni ya India haikuwahi kuwafikia vya kutosha.

Hoteli za minyororo ya kimataifa zilizoko Zanzibar, Mombasa na Arusha ni sehemu ndogo ya soko, lakini nyingi ziko chini ya makampuni yaliyotoa ahadi za maandishi, na yai lao linanunuliwa kwa mkataba kutoka kwa wasambazaji wachache. Kuwapata meneja ununuzi wa hoteli hizo na kuwauliza wananunua wapi, kwa bei gani, na wangelipa kiasi gani zaidi kwa trei isiyotoka kwenye keji, ni kazi ya wiki chache kwa mtu mmoja mwenye simu. Majibu yao ndiyo ningeyapeleka kwa wafugaji wa Unguja na Kiambu kabla muuza keji hajarudi kuchukua malipo ya awali.